Pesa ya utafiti haigeuki mali yenyewe

Wafanyabiashara wengi Kampala huamini kila shilingi ya utafiti huingia kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni ya kampuni) kama mali, kwa kuwa siku moja italeta faida. Sivyo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 38, hutenganisha utafiti, yaani kusaka maarifa mapya, na uendelezaji, yaani kuyatumia kuunda bidhaa. Chukua kampuni inayobuni betri ya bodaboda: mishahara ya wanaosaka kemikali ifaayo ni gharama ya mwaka huohuo. Betri ya majaribio inaweza kuhesabiwa mali, mradi kampuni ithibitishe, pamoja na mengine, kwamba inawezekana kiufundi, ina soko, fedha za kuikamilisha zipo na gharama zake zinapimika. Na hapa ndipo wengi huumia: kilichokwisha kuandikwa gharama hakirudishwi kuwa mali, hata betri ikivuma sokoni.