Kuandaa Kundi la Wapigapicha kwa Safari ya Mlima Meru

Kundi la wapigapicha linalopanda Mlima Meru lina sharti moja ambalo wapandaji wengine hawalihisi sana: halitawanyiki. Kuanzia geti la Momella, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa njia inapita katika makazi ya nyati, na nyati aliyeshtuliwa kichakani haachi nafasi ya mazungumzo. Anayetaka kukaa nusu saa chini ya mti akisubiri mbega wasogee penye mwanga hawezi kuachwa nyuma peke yake, na anayetaka kuwahi ukungu kabla haujaziba bonde hawezi kutangulia. Kwa hiyo mimi, ambaye kazi yangu ni kuongoza makundi ya namna hii ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, huanza maandalizi yote kwa swali moja kwa kila mshiriki: ni picha gani ambayo usipoipata utarudi nyumbani umenuna? Majibu yakishakusanywa na kupatanishwa, ndipo tunapozungumza habari za tarehe, idadi ya siku na mizigo. Makundi mengi hufanya kinyume chake. Hununua vifaa kwanza, kisha huanza kubishana juu ya picha wakiwa tayari njiani, pumzi zikiwa zimepungua.

Picha inayotajwa na karibu kila mtu ni ile ya Kilimanjaro wakati wa macheo. Kutoka kwenye miinuko ya Meru, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, iko umbali wa kilomita 70 hivi upande wa mashariki, ikielekea kidogo kaskazini. Ukishika dira utaipata kwenye nyuzi 75 au karibu na hapo. Namba hiyo ina maana kubwa kuliko lenzi yoyote utakayoinunua, kwa sababu mahali jua linapochomozea husogea mwaka mzima, kutoka nyuzi 66 na ushee mwishoni mwa Juni hadi nyuzi 113 na ushee mwishoni mwa Desemba. Hesabu hiyo inatuambia kwamba katika nusu ya kwanza na katikati ya Agosti jua hutokea karibu kabisa na mgongo wa Kibo, na mlima huonekana kama kivuli cheusi chenye ukingo wa dhahabu. Mwanzoni mwa Mei jua hupita hapohapo tena, lakini huo ni msimu wa masika na mawingu hayana huruma. Januari, kwa upande mwingine, jua huchomoza mbali kulia kwa Kibo, kwa zaidi ya nyuzi 30, na mwanga wake hugusa mlima kwa ubavu, hivyo barafu na makorongo huonekana kwa umbo lake. Picha hizo mbili hazifanani hata kidogo, na hakuna kundi linaloweza kuzipata zote katika safari moja. Lazima wakubaliane wanaitaka ipi. Mimi binafsi hupendekeza Januari au Februari kwa wanaopenda umbo la mlima, na Agosti kwa wanaopenda mstari wake tu juu ya bahari ya mawingu.

Jambo la pili linaloamua tarehe ni mwezi wa angani. Wanaotaka nyota wanahitaji usiku wa giza, yaani siku chache kabla au baada ya mwezi kuandama, na wakitaka kitovu cha mkanda wa nyota unaokatiza anga, basi waje kati ya Machi na Oktoba. Wanaoogopa kutembea usiku kwenye njia nyembamba ya kuelekea kileleni watafurahia zaidi mbalamwezi. Hapa sichelewi kutoa msimamo wangu: kama ndani ya kundi kuna hata watu wawili ambao hawajawahi kupanda mlima usiku, chagueni mwezi mpevu. Nyota zinaweza kupigwa picha kutoka mahali pengi salama zaidi kuliko ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkano.

Njia yenyewe ina vituo viwili vya kulala, Miriakamba kwenye mita 2,500 hivi na Saddle kwenye mita 3,500 hivi, na juu ya Saddle kuna Meru Mdogo, mita 3,820, kabla ya kilele kikuu kinachopita mita 4,560. Wapandaji wa kawaida hukamilisha safari hii kwa siku tatu au nne. Kwa wapigapicha ratiba hiyo haitoshi, na ndipo ninapobishana na mawakala wengi wanaopanga safari kwa kuangalia kilele peke yake. Ninataka usiku mmoja wa ziada Saddle. Usiku huo huwapa watu nafasi ya kuzoea hewa nyepesi, na kundi hupata jioni moja na macheo mawili: jioni ya kupanda Meru Mdogo, macheo ya kwanza kwa wale wanaotaka Kilimanjaro bila haraka, na macheo ya pili kwa ajili ya kilele. Wasiotaka kilele hubaki kibandani siku hiyo bila aibu yoyote, na hilo nalo hukubaliwa mapema, pamoja na kumuuliza askari jinsi kundi litakavyogawanywa kwa usalama, maana neno la mwisho ni lake.

Hiyo jioni ya Meru Mdogo inastahili kuelezwa zaidi, kwa kuwa wengi hupanda hapo mchana ili tu kuzoeza miili yao na kushuka mapema kuwahi chai. Wakati jua linapozama nyuma yetu, upande wa magharibi, mwanga wake wa mwisho huipiga Kibo usoni. Mawingu ya mchana mara nyingi huwa yameanza kushuka, na kwa muda mfupi theluji hugeuka rangi ya waridi huku nyanda za chini zikiwa tayari gizani. Muda huo ni mfupi kweli. Karibu na ikweta jua hushuka wima na giza halikawii kuingia. Kila mtu awe ameshasimamisha tripodi yake, yaani stendi ya kamera ya miguu mitatu, amechagua lenzi na ameshapiga picha za majaribio robo saa kabla. Kisha kuna kushuka kwa tochi ya kichwani, na askari anapaswa kuwa amekubali tangu asubuhi, si kuombwa jua likiwa limeshazama.

Kwa picha hizo za Kibo lenzi inayofaa ni ile inayovuta vitu vya mbali, ya milimita 70 hadi 200. Watu huja na lenzi pana, ile inayochukua eneo kubwa kwa picha moja, wakidhani mlima mkubwa unahitaji lenzi pana, lakini kwa umbali wa kilomita 70 lenzi ya milimita 24 huifanya Kibo ionekane kama kichuguu katikati ya anga tupu. Lenzi pana ina kazi yake kwingine: ndani ya kreta ya Meru. Kreta hii imebomoka upande wa mashariki, na ukuta wake wa magharibi, ambao ndio unaobeba kilele, huinuka juu ya koni ya majivu iliyo sakafuni. Kwa kuwa ukuta huo unatazama mashariki, mwanga wake ni wa asubuhi tu. Mchana ukizidi kusogea, ukuta huingia kivulini na koni hupoteza umbo lake. Anayepanda usiku kwa ajili ya kilele huwa yuko mahali hasa pa kuipiga picha hiyo jua linapochomoza, kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi kutegemea mwezi wa mwaka. Ageuke pia nyuma yake: kivuli cha Meru huanguka magharibi kama pembetatu juu ya tambarare, na wengi hukikosa kwa sababu macho yao yote yameganda kwenye Kilimanjaro.

Sehemu hiyo ya juu ina majivu na changarawe nyeusi, na upepo huyainua. Kubadili lenzi hapo ni kuyakaribisha majivu ndani ya kamera, na majivu ya volkano hukwaruza. Ninawaomba washiriki waamue lenzi ya kileleni wakiwa ndani ya kibanda, wafunge, na wasiifungue tena hadi watakaporudi. Watu wawili waliozoeana wanaweza kupatana, mmoja achukue lenzi pana na mwingine ndefu, kisha wabadilishane kamera badala ya lenzi.

Baridi ndiyo inayowashangaza wageni wa pwani zaidi ya kitu kingine. Usiku pale Saddle joto hukaribia nyuzi sifuri, na kileleni alfajiri hushuka chini ya hapo huku upepo ukiongeza makali. Betri ya kamera iliyokuwa imejaa jioni inaweza kuonyesha kwamba imekwisha kabla jua halijachomoza. Mara nyingi chaji bado imo. Ni kemia ya ndani iliyozubaa, na betri ikipashwa moto mfukoni hurudisha sehemu ya nguvu yake. Kwa hiyo betri zote hulala na mwenyewe ndani ya begi la kulalia, na wakati wa kupanda hukaa kwenye mfuko wa ndani unaogusa mwili, na ile ya kwenye kamera hubadilishwa zamu kwa zamu. Msitegemee umeme wa vibandani kuchajia. Kila mmoja aje na betri za safari nzima, na kundi liwe na akiba ya betri za nje za kuchajia simu, kwa sababu simu ndiyo dira, saa ya kengele na mara nyingine kamera ya dharura.

Kamera iliyoganda ikiingizwa ghafla ndani ya kibanda chenye pumzi za watu wengi hutoa jasho, kwenye kioo na ndani yake pia. Ifungwe kwanza nje, ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, iachwe humo hadi ipate joto la chumba taratibu. Hapa kuna jambo la sheria: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mgeni asijaze mifuko hiyo kwenye begi lake kwa ajili ya kazi hii. Mfuko wa kitambaa kizito usiopitisha maji, ule unaokunjwa mdomo na kufungwa kwa kishikizo, unafanya kazi vizuri zaidi na unatumika tena. Na droni ibaki nyumbani. Hairuhusiwi ndani ya hifadhi bila kibali maalumu, na mtu mmoja akiikiuka sheria, kundi zima linaweza kusimamishwa. Vilevile, kama picha au video ni za biashara au za filamu, kibali kiombwe mapema kabla ya safari. Getini si mahali pa kuanzia maombi.

Mizigo nayo inahusu watu. Wapagazi hubeba kwa kipimo, na kila kilo ya kifaa kisichotumika ni kilo mgongoni mwa mtu. Kamera, lenzi na kadi za kumbukumbu hubebwa na mwenyewe. Nguo, chakula na begi la kulalia hubebwa na mpagazi. Nikishauri kuhusu tripodi, huwa nasema kundi la watu wanane linahitaji tatu au nne nzuri, si nane, kwa sababu wachache tu ndio watakaopiga nyota. Kitakachobaki kipimwe kwenye mizani mjini Arusha, mbele ya kila mtu, siku moja kabla. Na mpagazi asipigwe picha akiwa amepinda chini ya mzigo bila kuulizwa. Huwa naomba washiriki wajifunze majina ya wapagazi siku ya kwanza na waanze kuwapiga picha siku ya pili au ya tatu, baada ya kuzungumza nao. Picha zinazotoka hapo huonyesha watu wenye sura na majina yao.

Kuhusu mwili nitasema machache tu, kwa kuwa daktari ndiye mwenye neno. Mpigapicha ana tabia zinazomponza kwenye mwinuko: huinama, hushikilia pumzi ili kamera isitikisike, husimama kwa muda mrefu bila kunywa maji, kisha hukimbia kulifikia kundi. Yote hayo huleta kizunguzungu. Tumieni kasi kubwa ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga picha inapopigwa, badala ya kushikilia pumzi, na mkipitwa, msikimbie. Kundi litasubiri, ndiyo maana tulikubaliana mwendo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika au kuyumba ni sababu ya kushuka, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani.

Msitu wa siku ya kwanza ninauacha kwa siku ya mwisho. Wakati wa kupanda kila mtu ana haraka ya kufika Miriakamba, lakini wakati wa kushuka miguu imechoka na macho yametulia, na njia ndefu inayopita kwenye mtini mkubwa wenye tao huwa na ukungu wa asubuhi unaolainisha mwanga kati ya mitarakwa iliyoota ndevu za kijani. Kundi lianze kushuka mapema, likiwa limebakiza kadi moja tupu na betri moja iliyojaa kwa kila mtu. Karibu na geti, kwenye nyasi zilizo wazi, twiga, ngiri na nyati huwa karibu kiasi kwamba lenzi ileile ya 200 inatosha. Mkifika mjini, kabla ya kuoga, kadi zote zinakiliwa sehemu mbili tofauti, na picha za askari na wapagazi zinatumwa kwao siku hiyohiyo kwa namba walizozitoa wenyewe.