Malloc haijawahi kukuahidi sifuri

"Kwani kumbukumbu si huanza ikiwa sifuri?" Waandishi wa programu za lugha ya C huniuliza hivyo kila testi inapopita leo na kufeli kesho, na nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Lugha inakuhakikishia sifuri kwa vigeu vya static (vinavyodumu programu yote) na vya nje ya fanksheni tu, na calloc, fanksheni ya kuomba kumbukumbu, nayo husafisha. Malloc, inayoomba kumbukumbu bila kuisafisha, haiahidi kitu, wala vigeu vya kawaida vya ndani ya fanksheni. Kinachowapotosha watu ni kwamba keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) husafisha kurasa mpya za kumbukumbu kabla ya kuzitoa, programu moja isije ikasoma data za nyingine. Kwa hiyo malloc za mwanzo mara nyingi hukuta sifuri. Ukishaita free kurudisha kumbukumbu, kipande kilekile hupewa mwombaji mwingine bila keneli kuguswa, mabaki yakiwa ndani. Testi hiyo ukiiendesha peke yake inapita. Ikitanguliwa na wenzake, inaanguka.

Na tafadhali, usiniambie umeponya testi kwa kujaza sifuri kila mahali. Hakuna thamani inayoficha makosa kama sifuri: pointa (anwani ya kumbukumbu) inaonekana NULL, yaani haielekezi popote, maandishi yanaonekana yameisha, hesabu inaanzia panapofaa. Jaza takataka unayoijua! Kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux, weka MALLOC_PERTURB_=165 (hujaza takataka kwenye kumbukumbu ya malloc), endesha testi zote, kisha rudia kwa 90. Matokeo yakitofautiana, shuku kwanza kwamba unasoma mahali ambapo hujaandika. Kwa staki (kumbukumbu ya vigeu vya ndani ya fanksheni) tumia -ftrivial-auto-var-init=pattern, iliyomo katika kompaila ya Clang na katika GCC kuanzia toleo la 12. Mradi wa C usiofanya haya kila usiku, mimi siamini testi zake.

"AddressSanitizer imepita, tuko salama." Zana hiyo ya kukagua kumbukumbu haitafuti kosa hili la kusoma usichoandika. Tumia MemorySanitizer ya Clang, au Valgrind yenye --track-origins=yes.

"Nimejaza kila sehemu ya struct, memcmp itakubali." Baiti za nafasi tupu zilizo katikati ya sehemu za kifurushi hicho cha data hukuzijaza, na memcmp hulinganisha baiti zote. Linganisha sehemu kwa sehemu.

"Nikibonyeza reset, bodi inaanza upya." Reset peke yake kwa kawaida haifuti SRAM (kumbukumbu ya kazi ya bodi hiyo ya kielektroniki); umeme usipokatika, yaliyomo hubaki. Msimbo wa kuanzishia husafisha .bss (vigeu vinavyoanza na sifuri) na kupakia .data (vigeu vyenye thamani za mwanzo). Staki na maeneo ya noinit (yasiyoguswa na msimbo huo) yajaze mwenyewe, kwa baiti ileile, kabla ya kila testi.