Seli shina si mimba iliyotolewa

Wiki jana mama mmoja alikataa bintiye atolewe damu tuone kama anaoana na kaka yake mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), ili ampe seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine. "Daktari, sisi tumeokoka. Hatuwezi kutumia watoto waliotolewa mimba." Ni wa tatu mwezi huu.

Dhana: Seli shina hutoka kwenye mimba zilizotolewa.

Mama, seli tunazozitaka zimo ndani ya mifupa ya binti yako. Ndizo zinazomtengenezea damu kila siku, na tukimchota uboho kidogo, mwili wake unaurudisha. E. Donnall Thomas alianza kupandikiza uboho miaka ya 1950 na akapewa Nobel 1990. Hata Vatican, ambayo haicheki na mambo ya mimba, haina neno na seli za uboho wala za damu ya kitovu.

Mabishano yapo kwenye kiinitete, yaani yai lililorutubishwa likaanza kugawanyika. Mwaka 1998 James Thomson wa Wisconsin alikuza seli shina kutoka viinitete vya siku chache vilivyobaki baada ya watu kusaidiwa kupata watoto maabara, wenyewe wakiwa wameridhia. Havikuwahi kuingia tumboni, kwa hiyo hakuna mimba iliyotolewa hapo. (Tafiti zilizotumia tishu za vijusi vya mimba zilizotolewa zipo, sikatai, ila si hizi.) Lakini ukizitoa seli hizo, kiinitete kimekwisha. Anayeshika kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, kama Katiba yetu ya Kenya inavyosema kwenye kifungu cha 26, ana haki ya kukasirika, nami simcheki. Ninachokataa ni kumtwisha mtoto wa Kayole mzigo wa maabara ya Wisconsin.

Tena swali la maadili lipo palepale kliniki, ila halina anayeliuliza: binti ana miaka tisa. Nani amemuuliza kama yuko tayari kudungwa sindano nyongani kwa ajili ya kaka yake? Nimewapa miadi ya Alhamisi. Nitaanza na binti.

Na jamani, pimeni ndugu wote wa baba mmoja na mama mmoja kabla ya kuitisha harambee ya kwenda kutibiwa India. Kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuoana na mgonjwa. Nimeona pesa zikichangwa, kisha ndugu wote wanapimwa na hakuna anayeoana.

Dhana: Bila viinitete hakuna utafiti.

Shinya Yamanaka alirudisha seli za kawaida za panya kuwa seli shina mwaka 2006, za binadamu mwaka uliofuata. Nobel 2012. Viinitete bado vinatumika, lakini si njia pekee.

Dhana: Unga wa seli shina wa pakiti hutibu kisukari, presha na magoti.

Seli za tufaha wanazosema zimo kwenye unga huo zikifika tumboni husagwa kama sukuma wiki. Anayekuuzia muulize seli hizo ni za nani na zinapitaje tumbo zikiwa hai. Akianza kukuonyesha picha za waliopona, shika mkoba wako uende.