Ruzuku sio bei kushuka, jamani

Juzi Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wametoa bei kikomo zao kama kawaida, petroli imeshuka kidogo, basi kijiweni kwetu Tabata dogo wa bodaboda anashangilia "serikali imetupa ruzuku!" Nimelisikia hili mara nyingi mno, nikaona leo niandike.

Maana yenyewe fupi tu. Ruzuku ni serikali kulipa sehemu ya gharama ya kitu ili wewe ulipe pungufu ya bei yake halisi. Basi. Mafuta yakishuka soko la dunia nayo yakashuka Dar, hapo hakuna aliyekulipia kitu. Na bei kikomo ni dari tu, muuzaji asiipite, haimaanishi serikali imekulipia hata senti.

Ila mi naona shida imeanzia kwenye neno lenyewe. Ruzuku na riziki ni ndugu wa damu, mzizi mmoja wa Kiarabu, ndo huohuo wa jina Abdulrazak, mja wa Mwenye kuruzuku. Tunasema Mungu kamruzuku fulani mtoto, na hakuna anayeuliza Mungu kamtoa wapi, maana Yeye hapungukiwi. Sasa tukalichukua neno hilohilo tukaipa Wizara ya Fedha, na ile hisia ya kushushiwa kutoka juu ikaja nayo! Cha kuchekesha Waarabu wenyewe wakiongelea mkate au mafuta yaliyopunguzwa bei na serikali hawasemi riziki, wanasema daam, yaani kukiegemeza kitu kisianguke, kama unavyoweka mti kwenye ukuta uliopinda. Hilo lingetufaa zaidi, maana mti nao lazima utoke shambani kwa mtu.

Chukua 2022, vita ya Ukraine imepandisha mafuta, Rais Samia akatangaza bilioni 100 za kupunguza makali kuanzia Juni. Ile ndo ilikuwa ruzuku kweli, na yeye mwenyewe alisema zinatokana na kubana matumizi ya serikali, yaani kuna sehemu zilipunguzwa zikaja kwenye pampu. Bei ya dunia haikushuka hata kidogo kwa sababu yetu, bili iligawanywa tu, kipande ukalipa sheli, kipande ukalipa kupitia bajeti bila kuona. Na usisahau kila lita unayoweka ina tozo na ushuru ndani, kwaiyo huyo dogo wa boda anayeshangilia naye ni mchangiaji.

Ndo maana wale wanaopenda soko lijiendeshe huwa wanainunia ruzuku ya mafuta. Hoja yao sio roho mbaya. Wanasema bei ni taarifa, inakwambia kitu kimekuwa adimu upunguze, ukiificha watu wanaendelea kama hakuna kilichotokea. Alafu mwenye V8 anayejaza tenki zima anafaidi kuliko mama wa Mbagala aliyesimama kwenye daladala, kwa sababu ruzuku inafuata lita, haifuati shida. Wangependa hela apewe mhitaji mkononi, mfano zile za TASAF, mfuko wa serikali, kwa kaya maskini, aamue mwenyewe anunue nini. Mi hapo nakubaliana nao nusu, maana nauli ikipanda ghafla yule mama hasubiri kuandikishwa, anatembea kwa miguu.

Afu kuna kingine kinanikera, Kiswahili tumelitwika neno moja mizigo miwili. Ruzuku ya mbolea inapunguza bei ya mfuko. Ruzuku ya vyama vya siasa, au ile serikali kuu inayopeleka halmashauri, haipunguzi bei ya chochote, ni fungu tu la kuendeshea shughuli. Mtu anayasikia yote mawili kwenye taarifa ya habari moja, atajuaje?

Dogo nilimwambia tu taratibu, hapo sema bei imeshuka, ruzuku iache kwanza. Akasema poa bro nimekuelewa, kisha akanipakia kwenye boda, tulipofika akaniomba nimuongezee buku "la ruzuku" juu ya nauli. Nikampa, ila nikamwambia hiyo ni bakshishi, ruzuku ingekuwa mtu mwingine anilipie mimi nusu ya safari.