Utetezi wa "ajali" katika rufani ya mauaji kwa risasi nyumbani

Mtu akimpiga risasi mwenzi wake chumbani kisha akasema "bunduki ilifyatuka yenyewe", mahakama ina njia tatu. Ikiona ni ajali kweli, anaachiwa huru, maana kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, hakimtwishi mtu jinai kwa tukio la ajali. Ikiona hakukusudia ila alizembea, anatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Ikiona alikuwa na dhamira ovu, yaani nia ya kuua au kudhuru vibaya, hayo ni mauaji, na adhabu ni kunyongwa hadi kufa, isipokuwa kwa mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18.

Wengi huisahau njia ya katikati. Kifungu cha 10 chenyewe kinaanza kwa kuuweka uzembe kando. Anayechezea bastola yenye risasi, mtutu ukiwa umeelekea kitandani, hawezi kujikinga nacho hata kama hakutaka mtu afe.

Dhamira haionekani kwa macho, hivyo hupimwa kwa mazingira. Katika rufani ya Enock Kipela, Na. 150 ya 1994, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo ya kutazama: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshtakiwa, na mwenendo wake kabla na baada ya kifo. Aliyemkimbiza majeruhi hospitali na aliyefua shuka kwanza hawatazamwi sawa.

Silaha nayo hutoa ushahidi. Bastola nyingi zinazojipakia huhitaji kifyatulio kivutwe kwa nguvu ya kilo 2 hadi 3 hivi, na kila mvuto hutoa risasi moja. Risasi ya kwanza inaweza kuelezeka. Ya pili ni kazi ngumu kwa wakili yeyote. Mtaalamu wa silaha anatakiwa apime mvuto huo, ajaribu kitufe cha usalama, na aangalie kama silaha iliyokokiwa hufyatuka ikidondoka au ikigongwa. Silaha chakavu kweli hufyatuka. Kisha kuna jeraha: masizi kwenye ngozi yanaonyesha mtutu ulikuwa karibu sana, vidoadoa vya baruti bila masizi huonyesha ulikuwa mbali kidogo, na jeraha lisilo na vyote viwili hudokeza umbali zaidi, au nguo iliyozuia. Hapo ndipo shati la marehemu lisipotunzwa kesi huyumba, na hoja ya "tulikuwa tunanyang'anyana" hukosa kipimo.

Mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha ajali. Akishaileta hoja, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo ya kuivunja bila kuacha shaka ya maana. Lakini ailete mapema. Maelezo ya onyo, yale anayoyatoa polisi, yakisema "alinitukana, nikapandwa na hasira", kisha kizimbani iwe ajali, ni shida: aliyefyatua kwa hasira amefyatua kwa kutaka. Ikiibuka kwenye rufani kwa mara ya kwanza, itaitwa mawazo ya baadaye, yaani hoja iliyobuniwa kwa kuchelewa. Na wakili asipomhoji shahidi wa Jamhuri juu ya jambo zito, anahesabiwa amelikubali.

Kesi ya Oscar Pistorius wa Afrika Kusini huchanganywa na hizi. Yeye alisema alidhani kuna mwizi nyuma ya mlango wa choo, akafyatua risasi nne. Mahakama ya rufani ya huko ikabadili hatia yake kuwa mauaji mwaka 2015. Kwetu pia kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoeleza dhamira ovu, hakijali aliyekufa ni yule uliyemkusudia au mwingine.

Kutoka Mahakama Kuu, notisi ya rufani hutolewa ndani ya siku 30. Aliyeko gerezani, kama Ukonga, huipitisha kwa mkuu wa gereza. Sababu za rufani huwasilishwa ndani ya siku 21 tangu apewe kumbukumbu za kesi. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopotea.

Mbele ya majaji watatu mashahidi hawarudi. Kinachosomwa ni kumbukumbu, na kwa kuwa ni rufani ya kwanza, majaji huupima upya ushahidi wote. Mara nyingi kinachookoa si kisa cha ajali bali kasoro za kawaida: ripoti ya uchunguzi wa mwili ilipokelewa bila kusomwa mahakamani, ikafutwa kwenye kumbukumbu, au bastola ilipita mikono mitano bila maandishi. Kesi kusikilizwa upya si jambo la kupewa ovyo. Tangu shauri la Fatehali Manji la 1966, haiagizwi ili Jamhuri izibe mapengo yake.

Hatia ikishushwa hadi kuua bila kukusudia, Mahakama ya Rufani hupanga adhabu papo hapo na kuzingatia muda wa mahabusu na gerezani. Wapo wanaotoka siku ileile hukumu inaposomwa.