Jina Si Faili: Kinachopotea Unaponakili Nyaraka Kwenye Flashi

Dada mmoja alikuja kwenye kitengo chetu cha kumbukumbu za kidijitali hapa Mombasa na flashi yenye mahojiano aliyorekodi na wazee wa Mji wa Kale kwa miezi kadhaa. Sauti zilisikika vizuri. Lakini faili zote zilionyesha tarehe moja, alasiri ileile, zikipishana kwa sekunde chache tu. "Tarehe zilikuwemo kwenye laptopu ya kwanza, Mwalimu," aliniambia. "Nimeziona kwa macho yangu." Alisema kweli. Zilikuwemo, na zilipotea siku aliyonakili. Wawili kati ya wazee wale walikuwa wameshafariki, kwa hivyo hapakuwa na wa kuulizwa ni mazungumzo yapi yaliyotangulia.

Makosa hayakuwa yake. Ni ya waliounda njia aliyopitia kunakili, na ningependa vijana wetu wanaosomea uundaji wa programu waelewe kilichotokea.

Tuanze na kisiwa chetu. Wako wanaokiita Mombasa, wako wanaokiita Mvita, na wote wakifika hukanyaga ardhi moja. Ken Thompson na Dennis Ritchie, walioanza kujenga Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, walizipanga faili kwa namna hiyohiyo. Kila faili ina kumbukumbu yake kwenye diski, iitwayo inodi. Humo huandikwa ukubwa, mwenye faili, nani ana ruhusa ya kusoma au kuandika, nyakati, na mahali data ilipolazwa. Jina halimo. Jina liko kwenye folda, na folda kwa hakika ni daftari la majina yaliyoambatanishwa na namba za inodi. Ndiyo maana faili moja yaweza kuwa na majina mawili; ukifuta moja, yaliyomo hayaguswi mpaka jina la mwisho liondoke.

Kwangu mimi huu ndio uamuzi bora kuliko wote katika fani hii. Kwa kuwa jina limetengwa na kitu chenyewe, kulibadilisha ni tendo moja lisilogawanyika. Programu iliyoundwa kwa uangalifu haiandiki juu ya hati yako ya zamani. Huandika nakala mpya pembeni, huhakikisha imefika kwenye diski, kisha huipa jina la ile ya zamani. Stima ikikatika katikati ya kazi, utakuta hati ya zamani nzima au mpya nzima, si nusu ya hii na nusu ya ile.

Mtihani uko kwenye nyakati. Unix ilizoea kuweka tatu: lini faili ilisomwa mwisho, lini yaliyomo yalibadilika, na lini inodi yenyewe ilibadilika. Hii ya tatu wengi huidhania kuwa tarehe ya kuundwa kwa faili, na sivyo. Ukibadilisha ruhusa tu, inasogea. Katika Linux, mfumo uliofuata nyayo za Unix, programu zilipata njia ya kawaida ya kuuliza faili imezaliwa lini mwaka 2017 pekee. Ile ya kwanza nayo ilikuwa na gharama yake, maana kila ukisoma faili, mfumo ulilazimika kuandika kwamba umeisoma. Tangu 2009 kiini cha Linux hupunguza uandishi huo chenyewe. Jambo lionekanalo dogo, kama kuweka alama ya wakati, linaweza kugeuza kila usomaji kuwa kazi ya kuandika.

Sasa turudi kwenye flashi. Nyingi bado hutumia mpangilio wa kuhifadhi faili uitwao FAT32, uliorithi mazoea ya kompyuta za zamani. Wakati wa kurekebishwa huhifadhiwa kwa hatua za sekunde mbili, na wa kusomwa huhifadhiwa tarehe tu, bila saa. Tena saa huandikwa kama ilivyo ukutani, bila kusema ni ya nchi gani: faili iliyohifadhiwa saa nne asubuhi hapa, kompyuta ya London itadhani ni saa nne asubuhi za huko. Mwenye faili na ruhusa hazina hata pa kuandikwa. Ukinakili kwa Windows, tarehe ya kurekebishwa husafiri lakini ya kuundwa inakuwa ya leo, na unapata faili iliyorekebishwa kabla haijazaliwa. Ukitumia amri ya kawaida ya kunakili ya Linux bila kuiagiza itunze nyakati, hata ile ya kurekebishwa inakuwa ya leo.

Kinachonikera ni ule ukimya. Kikomo si aibu, kila mpangilio una vikomo vyake. Mifumo mingi ya Linux huruhusu jina la baiti 255, na kwa kuwa herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili, anayeziita faili za tenzi zetu za kale kwa hati ileile zilizoandikiwa ana herufi 127 tu. Lakini hapo akizidisha, mfumo hukataa na kumwambia. Tarehe, kwa kawaida, hudondoshwa bila neno. Kiolesura kinachoshindwa kubeba ulichokikabidhi kinapaswa kusema, kama mchukuzi anayekuta kreti moja haiingii chomboni.

Kwa hivyo usiiachie folda pekee kazi ya kukumbuka. Andika tarehe mwanzoni mwa jina, mwaka kwanza, mfano 2024-03-18, maana jina husafiri na kujipanga lenyewe. Weka kando faili ya maandishi matupu inayoeleza nani alirekodi, wapi na lini. Na nakili kabla hujaanza kupanga au kubadilisha chochote.

Rekodi za dada yule zilikuwa za aina mbili. Alizochukua kwa kinasa sauti zilikuwa na tarehe ndani ya faili zenyewe, kwenye kichwa kinachotangulia sauti, mahali ambapo kunakili hakufiki. Hizo tumezipanga. Zile alizochukua kwa simu hazikuwa nayo, na sasa anapita nyumba kwa nyumba kuwauliza watoto wa wazee wale kama wanakumbuka ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada yake.