Je, wajua kwa nini kaunti yenye mafuta kibao kule Texas ina watu 64 tu?

Kaunti yenyewe inaitwa Loving, iko magharibi kabisa mwa Texas, imepakana na jimbo la New Mexico. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 1,750 lakini sensa ya 2020 ilikuta watu 64, yaani wakazi wote wanaenea kwenye mabasi mawili na viti vinabaki, na hamna kaunti nyingine Marekani iliyohesabiwa watu wachache hivyo mwaka huo. Cha ajabu ni kwamba chini ya hiyo ardhi kuna mafuta na gesi ya kufa mtu, maana iko kwenye bonde la Permian, sehemu inayotoa mafuta mengi kuliko zote Marekani. Sasa watu wako wapi?

Kwanza maji. Pale ni nusu jangwa, mvua ya kubahatisha, na Mto Pecos unaopita hapo maji yake yana chumvi, kwa hiyo miaka mingi watu walikuwa wanaletewa maji ya kunywa kwa gari. Hata Oliver Loving, yule mswaga ng'ombe ambaye kaunti imepewa jina lake, hakuwahi kuishi hapo, alikuwa anapitisha tu mifugo kuipeleka sokoni, na 1867 akajeruhiwa na Wakomanchi, kabila la wenyeji asilia wa Amerika, huko huko kwenye njia ya Pecos, akaja kufia Fort Sumner, ngome ya jeshi kule New Mexico.

Halafu kuna huu mkasa ambao mimi naupenda kuliko yote. Sensa ya 1890 ilikuta watu 3, watatu tu! Miaka mitatu baadaye wakatokea wajanja na mradi wa umwagiliaji, wakapeleka ombi la kuanzisha serikali ya kaunti likiwa na sahihi 150, sijui walizitoa wapi, na wakakubaliwa. Mambo yakaharibika, viongozi wakatokomea, na 1897 jimbo likaivunja kaunti na kuiweka chini ya jirani yake Reeves. Ilirudishwa 1931 baada ya mafuta kupatikana, ndo maana inatajwa kuwa kaunti pekee ya Texas iliyoundwa mara mbili.

Mafuta yalileta watu kweli, 1940 walifika 285, ila kisima kikishachimbwa hakihitaji wafanyakazi wengi, vijana wakaondoka, na shule ikafungwa miaka ya 70, watoto wakawa wanasoma kaunti ya jirani ya Winkler. Siku hizi barabara za pale zimejaa malori usiku na mchana, lakini wanaoyaendesha wanalala kambini na kwenye trela, kazi ikiisha wanarudi kwao, na sensa inawahesabu huko kwao. Na hata ukitaka kuhamia, utanunua wapi? Ardhi kubwa ni ranchi na mali ya makampuni, nyumba za kuuza karibu hamna, na Mentone, makao makuu ya kaunti, ni kijiji tu chenye mahakama ya 1935 na majengo machache.

Ubishi mkubwa uliobaki ni nani hasa mkazi. Kwenye uchaguzi wa rais 2020 zilipigwa kura 66, wakati sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu 64, watoto wakiwemo. Wapo wanaoishi na kufanya kazi mbali ila wanasema kwao ni Loving, na wanarudi kupiga kura, kwa sababu kodi ya visima ni hela nyingi na kura chache tu zinaamua nani atazisimamia.